Mpunga Uliooza kwenye Meza ya Fundi

Mchezo ulifika Mbeya kwa basi kutoka Iringa, ndani ya boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani. Konda alilitikisa kabla ya kunikabidhi.

"Humu kuna nini, kaka? Maharage?"

Nikamwambia kuna mpunga, malori, mvua na misiba. Alinitazama kama anayejiuliza nimeamkaje siku hiyo, kisha akanipa boksi langu na kurudi kupakia ndoo za parachichi.

Huwa napokea maboksi. Ndiyo kazi yangu, kama watu watakubali kuiita kazi. Nacheza michezo ya mezani, ile mipya yenye ubao, kadi na vijitu vya mbao vya rangi, kisha nasema kwa Kiswahili kama inafaa au haifai. Narekodi sauti kwenye simu na kuituma kwa watu wanaoipenda michezo hii, na wao wanaisambaza kwa namna nisiyoielewa vizuri. Watengenezaji wa nje wananitumia michezo yao wakitumaini nitaisifu. Wengine nimewasema vibaya na bado wananitumia. Chakula changu kinatoka kwingine, kwenye kufunga taa za sola na kufungua redio zilizonyamaza, lakini mtu akiniuliza nafanya nini namjibu kuhusu michezo.

Shule niliiacha kidato cha pili. Nilikuwa siwezi kukaa. Nimekuwa utingo wa lori la kwenda Tunduma, nimepakia mbao Mafinga, nimechuma chai Rungwe, na kila mahali niliondoka mara tu nilipoelewa kazi inavyokwenda. Michezo niliikuta gesti moja karibu na stendi ya Mbeya, nilipokuwa nafua mashuka. Mgeni wa Ulaya aliondoka akaacha boksi chini ya kitanda. Tulimsubiri arudi, hakurudi, na mwenye gesti akasema lichukuliwe kuwashia mkaa. Nililifungua kwanza. Ndani kulikuwa na ramani ya bonde lenye mto, mapipa madogo ya mbao, na vikondoo vyeupe vingi. Nilitaka kujua vile vikondoo vilikuwa vinapelekwa wapi. Kitabu cha kanuni kilikuwa cha Kiingereza, nikakisoma msimu mzima wa mvua kwa kamusi ya kuazima. Mpaka leo Kiingereza changu ni cha vitabu vya kanuni. Naweza kueleza namna ya kuhamisha askari kutoka ngome moja hadi nyingine, lakini daktari akiniuliza naumwa wapi nababaika.

Tunachezea kwa fundi cherehani, Mwanjelwa, Jumapili mchana. Fundi ana meza ya kukatia vitambaa ambayo haina mfano kwa kazi hii. Ni pana, imenyooka, na tukitaka kuweka alama tunatumia chaki yake. Fundi mwenyewe ni rika la baba yangu mdogo, na akishindwa huwa anasema cherehani ilikuwa inamsumbua akili. Mwenzetu wa pili ni muuguzi, ambaye sote tunamwita Sista. Wa tatu ni dereva wa bajaji, mdogo kuliko sisi wote, mwenye haraka ya kurusha dadu hata kama zamu si yake.

Mke wa fundi hutuletea birika la chai ya maziwa na tangawizi kabla hatujaanza. Hiyo chai ndiyo kipimo changu. Wachambuzi wengine wana nyota na alama. Mimi naangalia vikombe. Mchezo mzuri unaifanya chai ipoe hadi ishike utando juu, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuinywa. Mchezo mbaya, watu wanakunywa mpaka majani, wanauliza kama kuna nyingine, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mbolea. Nimewahi kupokea mchezo wa majumba ya kifalme wenye vitu vya kupendeza mno, hata fundi akatamani vitambaa vya picha zake, na birika likaisha kabla mtu yeyote hajajenga jumba. Nikasema hivyo kwenye uchambuzi. Mtengenezaji akaniandikia kuuliza utando ni nini.

Huu wa boksi la viatu haukutoka nje. Aliyeutuma ni mama mmoja wa Iringa mwenye duka la kalamu, madaftari na fotokopi. Alikuwa amenisikiliza muda mrefu kabla ya kuniandikia, na ujumbe wake wa kwanza wa sauti ulianza hivi:

"Kaka, shikamoo kama ni mkubwa, marahaba kama ni mdogo. Sikujui, ila sauti yako naijua."

Alieleza kwamba ubao wa mchezo aliuanza marehemu mume wake. Mume alikuwa akifanya kazi kiwanda cha karatasi kule Mgololo, na karatasi ngumu za ubao na kadi ni mabaki aliyoruhusiwa kuja nayo nyumbani. Alichora mashamba ya Usangu, barabara za vumbi, soko la Chimala, kisha akafariki mchezo ukiwa nusu. Mke akamalizia. Kadi zote, kanuni zote, ni mkono wake.

"Mchapaji wa hapa mjini ameniwekea nafasi," alisema. "Ukisema unafaa, nachapa. Ukisema haufai, naurudisha kabatini na siutoi tena. Ila usinionee huruma. Ukinionea huruma nitaijua kwenye sauti."

Nilimwomba atafute na maoni ya mwingine. Akajibu kwa maneno mawili: "Simjui mwingine."

Basi tukaucheza.

Ukiutazama tu ulikuwa unavutia. Kila mchezaji ana mashamba yake, anavuna, anajaza magunia, anatafuta nafasi kwenye lori, anapeleka Chimala. Pembeni mwa ubao kuna mstari wa visanduku vya bluu, ambao ni mvua. Kila raundi mvua inasogea kisanduku kimoja. Ikifika mwisho barabara zinakuwa tope, malori yanakwama, na mpunga wowote uliobaki shambani unaoza. Mwenye magunia mengi sokoni ndiye mshindi. Kila zamu unavuta kadi, na kadi zilikuwa na vituko vya kweli vya huku kwetu: ndege wameshuka, pancha Igawa, shemeji amekuja na familia yake, mashine ya kukoboa imekatikiwa umeme.

Fundi ndiye wa kwanza kuvuta kadi nyeusi. Mimi ndiye msomaji, nikaisoma kwa sauti: "Msiba. Aliyevuta kadi hii husimama raundi mbili."

"Pole, fundi," Sista akasema.

"Nimeshapoa."

"Nani?" dereva akauliza.

Fundi akafikiri kidogo. "Shangazi. Wa Tukuyu."

Tukalaza kadi zetu kifudifudi. Nikasogeza mvua visanduku viwili. Tulipokuwa tunasubiri Sista alimuuliza kama shangazi aliugua muda mrefu, na fundi, ambaye shangazi yake wa Tukuyu yuko hai na anamsumbua kila wiki, akasema ni miguu, ilianza zamani. Tukanywa chai. Kisha tukaendelea.

Punde Sista naye akafiwa. Halafu dereva. Halafu fundi tena, na safari hii dereva akamwambia, "Baba, ukoo wako unaisha." Mvua ikafika mwisho tukiwa tumefikisha magunia ya kuhesabika kwa vidole. Mpunga wote ukaoza mezani.

"Nani kashinda?" dereva akauliza.

"Mvua," Sista akasema.

Mchezo mmoja hauthibitishi kitu. Jumapili iliyofuata tukarudia, na iliyofuata tena. Mimi ni mtu wa kufungua kitu nione kinakwama wapi, kwa hiyo niliufungua huu kama redio. Nilihisi malori ni machache, nikaongeza vifuniko vya soda viwe malori. Mpunga ukaoza. Nilihisi mashamba yako mbali na soko, nikafuta hatua moja ya barabara kwa chaki. Ukaoza. Nikaondoa kadi ya shemeji, kitu ambacho fundi alikipinga kwa sababu alikuwa anaipenda. Ukaoza vilevile, na karibu palepale. Huwa sichoki kutafuta kasoro, lakini hii ilinichosha, kwa sababu kila nilichokigusa kilikuwa kizima.

"Huyu mama ana kinyongo na wakulima?" Sista akauliza.

"Labda ndivyo kilimo kilivyo," fundi akasema. "Mimi nililima mara moja nikaja kushona."

Waliupenda, hilo lazima niliseme. Walicheka. Walikuwa wanakumbushana pancha na shemeji hata siku za kazi. Lakini birika lilikuwa linakauka kila mara, na watu waliokaa mezani walikuwa wanapiga soga, hawachezi. Mchezo ambao hakuna anayeweza kuushinda haufai kuchapwa. Nimelisema hilo kwa wageni wenye viwanda vyao bila kupepesa macho.

Nilirekodi uchambuzi. Nilisema picha ni nzuri, kadi zina ucheshi, na hesabu ya mvua imeharibika kabisa, mchezo unawaua wachezaji wote kwa pamoja. Nilisema haufai. Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kutuma, na sikukibonyeza. Niliwaza lile kabati.

"Usimtumie," Sista akaniambia nilipomweleza. "Jambo hili si la sauti ya simu. Nenda kwake."

"Iringa ni mbali."

"Wewe uliyekwenda Sumbawanga kuangalia mashine ya alizeti inavyokamua, leo Iringa ni mbali?"

Nikaondoka Jumamosi kwa lori la viazi la jamaa niliyefanya naye utingo zamani. Boksi lilikuwa mapajani. Tulipofika Chimala aliingia pembeni apakie magunia machache ya mchele, na mashine ya kukoboa ilikuwa imefungwa. Mzee aliyekuwa akilinda maturubai alituambia wapakiaji wote wamekwenda kuzika, jirani wa mwenye mashine amefiwa na mama. Jamaa yangu hakulalamika. Alizima injini, akatoa miwa, tukakaa kivulini tukitafuna mpaka watu wakarudi wakiwa na udongo kwenye viatu, wakavua makoti, wakapakia. Nilitumia muda huo kutunga maneno ya kumwambia yule mama. Kila niliyoyatunga yalikuwa na huruma ndani yake, na yeye alikuwa ameikataa mapema.

Iringa nilifika jioni, nikalala kwa binamu wa jamaa yangu, na Jumapili baada ya ibada nikapanda mjini kutafuta duka.

Yule mama alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Duka lilikuwa limefungwa mbele, lakini nyuma kulikuwa na chumba chenye meza, mashine ya fotokopi iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na mama mkwe wake amekaa dirishani na shuka la kimasai mabegani.

"Kamwene," nikasema, kwa kuwa salamu hiyo ya Kihehe ninaijua.

"Kamwene," bibi akaitikia, kisha akamgeukia mkwewe. "Ndiye huyu? Mbona kwenye simu ni mnene?"

Nikamwambia yule mama, "Dada, nimekuja na jibu."

"Najua. Limekaa usoni. Kula kwanza."

Nikala ugali na maharage na mboga ya maboga, na kila tonge lilikuwa linashuka kwa kusukumwa. Nilipomaliza kunawa nikafungua mdomo tena. Akanizuia.

"Tucheze kwanza. Miaka yote hii nimekusikia tu ukisimulia unavyocheza. Nataka nikuone. Baada ya hapo sema chochote."

Alimwita jirani yake wa duka la pili awe mtu wa nne. Ni mzee muuza vitenge, mwenye kofia ya kufuma, ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani na ukoo haukushuka tena. Alikaa karibu na mlango ili aone wateja wake.

"Bwana mchambuzi," akaniambia, "mimi hapa nimeshawahi kumfilisi kila mtu isipokuwa bibi. Bibi anaiba."

"Siibi," bibi akasema. "Naona mbali."

Mama akamimina chai. Tukagawa mashamba. Nilicheza kama mtu anayesubiri jambo analolijua. Nilivuna taratibu, sikuhangaikia lori, kwa sababu nilijua mwisho wake. Wao walikuwa wanakimbizana. Mzee wa vitenge alikuwa anajaza magunia huku anasimulia uongo wa barabarani, na bibi alikuwa ameshajiwekea nafasi kwenye malori yote bila mtu kuona alivyofanya.

Bibi akavuta kadi nyeusi.

"Haya, nimefiwa," akasema, akailaza mezani, akakunja mikono ndani ya shuka.

"Pole, bibi," nikasema, nikalaza kadi zangu kifudifudi na kunyoosha mkono nisogeze mvua.

Mzee wa vitenge akarusha dadu.

Nilimtazama. Akavuna gunia lake, akalipandisha lori.

"Mzee," nikasema, "bibi amefiwa."

"Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Sasa mbona unaendelea?"

"Amefiwa yeye. Mpunga wangu mimi uko shambani." Akamsukumia mama dadu. "Zamu yako."

Mama akaichukua, halafu hakuirusha. Alikuwa ananiangalia mkono, ambao bado ulikuwa juu ya visanduku vya bluu.

"Kaka," akasema polepole. "Ulikuwa unataka kufanya nini?"

"Kusogeza mvua. Raundi mbili. Tunasimama."

"Nani anasimama?"

"Wote."

"Kadi inasema nani?"

Sikuhitaji kuisoma. Nilikuwa nimeisoma kwa sauti Jumapili baada ya Jumapili, maneno yaleyale: aliyevuta kadi hii. Nilijua kila neno lake, na katika watu tuliokaa kwenye meza ya fundi hakuna hata mmoja aliyewahi kupendekeza kwamba mwenzetu amefiwa na sisi tuendelee kuvuna. Hatukulijadili. Hatukukubaliana. Tulilaza kadi, basi, kama mtu anavyovua kofia.

"Mbeya mlisimama wote?" mama akauliza.

"Tulisimama."

"Kila kadi?"

"Kila kadi. Fundi alifiwa na shangazi, halafu na mjomba, halafu na yule shangazi tena."

"Na mvua inatembea?"

"Inatembea."

Alianza kucheka kwa ndani, mabega tu, kisha ikamshinda, akaweka paji la uso mezani kati ya mashamba. Mzee wa vitenge alicheka mpaka mteja mmoja akachungulia mlangoni kuuliza kama duka limefungwa. Bibi peke yake hakucheka.

"Wanyakyusa," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu ndiye msomaji wa kanuni."

Sikujali. Niwaeleze nilivyojisikia? Kama mtu aliyekaa wiki nzima na majibu mabaya ya hospitali, halafu akaambiwa yalichanganywa, damu ile ilikuwa ya mwingine. Mchezo ulikuwa mzima. Mvua ilikuwa sahihi, malori yalikuwa yanatosha, barabara niliyoifuta kwa chaki ilikuwa mahali pake.

Mama aliinua uso, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akaichukua ile kadi nyeusi, na sasa hakuwa anacheka.

"Hii niliiandika baada ya kuanua matanga," akasema. "Watu walikuwa wameshaondoka. Nilitoka nje asubuhi, nikaona huyu anafungua duka, watoto wanakwenda shule, malori yanashuka Ipogolo. Kila mtu anaendelea, mimi nimekaa kwenye ngazi. Nikaingia ndani nikaandika, aliyevuta kadi hii husimama. Sikuwaza wengine wafanye nini. Niliwaona. Walikuwa wanaendelea."

Nilisikia mtu akiteremsha mkokoteni barabarani.

"Lakini walikuja," bibi akasema kutoka dirishani.

"Mama, nasema baada ya hapo."

"Na mimi nasema kabla ya hapo. Mtoto alikuwa wangu, nilikuwa nahesabu nani amekuja na nani hajaja. Uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Huyu," akamtolea kidevu mzee wa vitenge, "alifunga duka mpaka tulipomaliza. Huyu hafungi duka hata Idi."

"Idi nafunga," mzee akasema.

"Unafunga nusu."

Mzee alikuwa anazitazama kadi zake. "Ni kweli nilifunga," akasema. "Nilibeba maji hapa. Sasa leo kwenye karata nimeambiwa bibi amefiwa nikarusha dadu. Sijui kwa nini. Nimezoea tu, ndivyo tulivyofundishwa tulipoanza kuucheza." Akaivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Hao wa Mbeya wana haki yao."

"Hao wa Mbeya mpunga wao umeoza," bibi akasema.

Mama alikuwa ameshachukua penseli kutoka nyuma ya mashine ya fotokopi. Aliandika juu ya kadi, akafuta, akaandika tena, sisi tukisubiri. Mimi nilikuwa nimemaliza wiki kadhaa nikihangaika na malori, na jambo lenyewe lilikuwa hapo, chini ya mkono wake. Alipomaliza akanipa.

"Soma, msomaji."

Nikasoma. "Msiba. Raundi ya kwanza wote husimama. Raundi ya pili husimama aliyefiwa peke yake."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. "Ndivyo ilivyokuwa," akasema.

"Itaharibu mvua?" mama akaniuliza. Lilikuwa swali la mtengenezaji kwa mchambuzi, na nilifurahi kuulizwa.

"Sijui. Tuone."

Mzee akarudisha gunia lake shambani bila kuombwa. Tukasimama wote raundi moja kwa ajili ya bibi. Nilisogeza mvua kisanduku kimoja. Mzee wa vitenge akamuuliza bibi amefiwa na nani, bibi akamjibu amefiwa na mtu aliyekuwa anamwibia kwenye karata. Kisha tukaendelea, yeye amekunja mikono bado, na raundi ile sikuweza kuvuna bila kumtupia jicho. Baadaye nikaivuta mimi kadi nyeusi. Walisimama nami, halafu wakaondoka, na nikaona magunia yao yakipita mbele ya shamba langu kuelekea Chimala huku mimi nimekaa. Nimecheza michezo mingi ya vita na ya njaa na ya meli kuzama. Hakuna uliowahi kunikalisha hivyo.

Mvua ilikuwa imebakiza kisanduku kimoja bibi alipofikisha gunia lake la mwisho sokoni. Mzee alidai mahesabu yarudiwe. Yakarudiwa. Bibi akashinda tena.

"Sasa," mama akasema akikusanya kete, "lile jibu la Mbeya. Lilikuwa nini?"

"Kwamba haufai. Kwamba unaua wachezaji wote kwa pamoja."

"Ungeniambia hivyohivyo?"

"Ningekuambia."

"Kwa uso huo?"

"Ndiyo sababu ugali ulinikwama."

Akacheka kidogo. "Ndiyo sababu nilikutumia wewe," akasema, akafunga mfuko wa dadu.

Niliifuta ile sauti kwenye simu mbele yake. Kisha nikampigia fundi, nikaweka spika ili wote wasikie. Alikuwa na Sista na dereva, maana ilikuwa Jumapili na meza huwa haikai tupu. Nikawaeleza tulichokosea. Fundi ndiye aliyejibu kwanza.

"Kwa hiyo ile Jumapili ya kwanza, niliposimama kwa ajili ya Sista, nilitakiwa kuvuna?"

"Ulitakiwa."

"Basi nilishinda."

"Hujashinda, baba," dereva akasema kwa nyuma. "Shangazi yako amekufa mara mbili."

Sista akachukua simu. Alinitaka nimsomee kadi mpya, nikamsomea. Akaniomba nirudie.

"Raundi ya kwanza sawa," akasema. "Ya pili mtaendelea nyie. Mimi nitakaa naye."

"Kanuni hairuhusu, Sista."

"Mwambie huyo dada aiweke iruhusu."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika penseli tena, ameiinamia kadi, na bibi alikuwa ameinuka dirishani kuja kuona anaandika nini. Mzee wa vitenge alisimama akasema wateja wake wamekufa kwa kumsubiri, asisimamishiwe raundi, akatoka.

Nilinyoosha mkono kuchukua kikombe changu. Chai ilikuwa baridi kabisa, imeshika utando mzito kutoka ukingo hadi ukingo, na vikombe vingine vyote mezani vilikuwa hivyohivyo. Mama aliviona na akawa anataka kuamka apashe nyingine.

"Iache," nikamwambia. "Andika."

Nikautoa utando kwa kidole, nikainywa hivyo hivyo.